Chaneli ya Tisa: Kituo cha Chicago Kilichotazamwa na Marekani Nzima

Tarehe 9 Novemba 1978, kampuni ya United Video, yenye makao yake Tulsa, Oklahoma, ilianza kunasa matangazo ya WGN, chaneli ya 9 ya mji wa Chicago, na kuyarusha hadi kwenye setilaiti iitwayo Satcom 1. Haikuomba ruhusa. Wenye kituo, yaani wamiliki wa gazeti la Chicago Tribune, hawakutia saini mkataba wowote na hawakulipwa na United Video hata senti moja. Sheria ya wakati ule iliruhusu jambo hilo. Tangu siku hiyo, mkulima wa Nebraska au mchimba madini wa Arizona, mradi kampuni yake ya kebo imejiunga, aliweza kuwasha televisheni sebuleni na kuona foleni ya magari katika barabara kuu ya Kennedy, baridi inayotoka Ziwa Michigan, na timu ya besiboli ya mji ambao huenda hajawahi kuukanyaga.

Wamarekani waliokulia katika miaka ya 1980 wanakizungumzia kituo hiki kwa mapenzi ambayo mgeni huona shida kuyaelewa. Hakikuwa kituo kikubwa kwa maana ya fedha. Kilionyesha filamu kuukuu, vichekesho vilivyokwisha kurushwa mara kumi na vituo vingine, katuni, taarifa ya habari na michezo. Lakini kilikuwa na kitu ambacho mitandao mikubwa ya New York haikuwa nacho: kilikuwa na kwao. Kilisema na watu wa Chicago kuhusu mambo ya Chicago, na taifa zima likaruhusiwa kukaa pembeni na kusikiliza. Naamini hapo ndipo lilipo jibu la swali la kwa nini kinakumbukwa hivyo, na kwa nini kilipoamua kusema na taifa moja kwa moja taifa lenyewe liligeuza uso.

Kituo kilianza kurusha matangazo tarehe 5 Aprili 1948. Herufi zake tatu zilitokana na majigambo ya gazeti lililokimiliki, lililojiita gazeti bora kuliko yote duniani, na redio yenye herufi hizohizo ilikuwapo Chicago tangu 1924. Siku 11 tu baada ya kuzaliwa, tarehe 16 Aprili, televisheni hiyo ilirusha mechi yake ya kwanza ya besiboli, ya kirafiki, kati ya timu mbili za mjini: Cubs na White Sox. Mtangazaji alikuwa Jack Brickhouse. White Sox walishinda 4 kwa 1. Brickhouse alibaki kwenye kiti hicho hadi alipostaafu mwaka 1981, na mlio wake wa furaha mpira unapotoka nje ya uwanja umeandikwa leo kwenye nguzo za mpaka za uwanja wa Wrigley Field.

Katika miaka yake ya mwanzo WGN ilishirikiana na mitandao ya CBS na DuMont. CBS ilijitoa mwaka 1953, na DuMont ikafa 1956. Kuanzia hapo Chaneli ya Tisa ikawa kituo huru, bila mtandao wa kuipa vipindi vya jioni. Kituo huru kililazimika kujaza saa zote chenyewe, na kwa sababu hiyo WGN ikajenga studio kubwa katika mtaa wa Bradley Place, ikahamia huko mwaka 1961, ikaajiri wanamuziki, wachekeshaji, mafundi na watangazaji wa kwao. Upweke wa kutokuwa na mtandao ndio ulioifanya WGN iwe na sura yake yenyewe. Vipindi vya watoto, habari za mchana, mechi za alasiri, vyote vilitoka mjini.

Ili kuelewa jinsi kituo cha namna hiyo kilivyofika nchi nzima, inabidi twende kwanza kusini, Atlanta. Huko mwaka 1970 Ted Turner, aliyerithi biashara ya mabango ya matangazo kutoka kwa baba yake, alichukua kituo kidogo cha chaneli ya 17 kilichokuwa kikipata hasara. Alikipa vipindi vya kale na mieleka ya Jumamosi, kisha Januari 1976 akanunua timu ya besiboli ya Braves ili awe na uhakika wa mechi za kurusha. Mwaka uliotangulia, kampuni ya HBO ilikuwa imeonyesha kwamba setilaiti inaweza kupeleka picha kwa makampuni ya kebo ya nchi nzima kwa wakati mmoja. Kati ya matangazo yaliyovutia watu kwanza ni pigano la ndondi la Muhammad Ali na Joe Frazier kutoka Manila. Turner akaona mwanya. Tarehe 17 Desemba 1976, chaneli ya 17 ilipanda kwenye Satcom 1 na kupokelewa na makampuni manne tu ya kebo: Grand Island huko Nebraska, Newport News huko Virginia, Troy huko Alabama, na Newton huko Kansas. Watu wa kebo wakaviita vituo vya aina hiyo supastesheni.

Mwezi huohuo serikali ililegeza masharti ya madishi. Awali kampuni ya kebo ilitakiwa kuwa na dishi la upana wa kama mita 10, gharama ambayo mji mdogo usingeimudu. Sasa dishi la mita 4.5 lilikubalika. Na Bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya ya hakimiliki mwaka huohuo wa 1976, iliyoyapa makampuni ya kebo leseni ya lazima: wangeweza kurudia matangazo ya kituo chochote cha hewani bila kumwomba mwenye nacho, ila walipe ada iliyowekwa kisheria katika mfuko mmoja, kisha fedha zigawiwe wenye filamu, vipindi na mechi. Dishi dogo, setilaiti moja na sheria hiyo ndivyo vilivyofungua mlango. Turner aliupita kwa mbwembwe na mipango. WGN ilipitishwa mlangoni na watu wengine, na kwa miaka mingi watu wake waliendelea kufanya kazi kana kwamba wanatazamwa na Chicago peke yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana uhusiano na habari hii kuliko anavyodhani. Fedha na uzoefu wa chaneli ya 17 ndivyo vilivyomwezesha Turner kuanzisha CNN tarehe 1 Juni 1980. Miaka kumi baadaye, KTN ilipoanza kurusha matangazo jijini Nairobi mwaka 1990 na kuvunja upekee wa televisheni ya serikali, sehemu kubwa ya saa zake ilijazwa na CNN. Mtoto wa kituo cha mtaani cha Atlanta alikuwa amefika River Road na Ngong Road kabla watu wengi hawajajua mama yake ni nani.

Turudi Chicago, kwenye besiboli, kwa sababu bila besiboli hakuna hadithi. Mwaka 1981 kampuni ya Tribune ilinunua timu ya Cubs kutoka kwa familia ya Wrigley, na kuanzia hapo timu na kituo vikawa vya nyumba moja. Cubs walikuwa timu ya kushindwa. Ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa mwaka 1908. Lakini walikuwa na uwanja wa mwaka 1914 katikati ya nyumba za watu, wenye ukuta wa matofali uliofunikwa na mimea ya kutambaa, na uwanja huo haukuwa na taa. Timu nyingine zote za ligi kuu zilikuwa zimeshafunga taa. Detroit, waliokuwa wa mwisho, walifunga mwaka 1948. Cubs waliendelea kucheza nyumbani mchana wa jua, mechi ikianza kama saa saba na dakika 20.

Fikiria maana yake kwa televisheni. Saa hizo mitandao mikubwa ilirusha tamthilia za mchana. Mtoto anayetoka shule akiwa Iowa au Montana aliwasha televisheni akakuta mechi iko katika duru za mwisho, jua likimulika nyasi, watu wakiwa vifua wazi kwenye viti vya nyuma. Mgonjwa aliyelazwa, mzee aliyestaafu, mfanyakazi wa zamu ya usiku aliyeamka mchana, wote walikuwa na kitu cha kutazama. Kwa msimu mzima, takriban miezi sita, karibu kila siku ya mechi ya nyumbani. Mazoea ya namna hiyo hujenga mapenzi ambayo ushindi hauwezi kuyajenga.

Na besiboli yenyewe ilisaidia. Tarehe 17 Mei 1979, miezi sita tu baada ya WGN kupanda setilaiti, Phillies wa Philadelphia walikuja Wrigley Field siku ambayo upepo ulivuma kuelekea nje ya uwanja. Mechi iliisha 23 kwa 22, Phillies wakishinda katika duru ya kumi kwa mpigo wa Mike Schmidt. Mipigo 11 ilitoka nje ya uwanja, mitatu ya Dave Kingman wa Cubs. Wapenzi wa besiboli wanaitaja hadi leo kama moja ya mechi za ajabu kuliko zote, na wengi walioiona walikuwa mbali sana na Chicago.

Mwaka 1982 alikuja Harry Caray. Alikuwa mtangazaji mzoefu, mwenye miwani mikubwa na sauti iliyokwaruza, aliyehamia kutoka White Sox. Huko ndiko alikoanza, mwaka 1976, desturi ya kuongoza uwanja mzima kuimba wimbo mmoja wa kale wa besiboli katikati ya duru ya saba. Mwenye timu ya wakati ule, Bill Veeck, alimsikia akijiimbia kibandani, akawasha kipaza sauti. Caray alipohamia Cubs aliuchukua wimbo wake, na kwa sababu ya setilaiti, desturi ya uwanja mmoja ikawa desturi ya taifa. Caray hakuwa mwimbaji. Alipotea kwenye mdundo, alikosea maneno, aliinua kipaza sauti nje ya dirisha na watu elfu 30 wakamfuata.

Lakini jambo lake lililo karibu zaidi na moyo wa habari hii ni salamu. Wakati wa mechi alisoma majina ya wageni waliokuja uwanjani na miji waliyotoka, miji midogo ya Indiana, ya Iowa, ya Wisconsin, na kadiri miaka ilivyopita, miji ya mbali kabisa ambako Cubs walifika kwa kebo tu. Mtu alisafiri siku mbili kwa gari kwenda kuona uwanja aliouzoea kwenye kioo, akarudi kwao akiwa amesalimiwa hewani. Mwaka 1984, Cubs walipotwaa ubingwa wa kanda yao, watu waliolipa kiingilio Wrigley Field walizidi milioni 2 kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu. Timu yenyewe ilichangia. Kebo ilichangia vilevile.

Februari 1987 Caray alipata kiharusi. Aliporejea kibandani tarehe 19 Mei, simu iliyopigwa hewani kumkaribisha ilitoka kwa Rais Ronald Reagan. Haikuwa heshima ya kisiasa tu. Reagan mwenyewe, katika miaka ya 1930, alikuwa mtangazaji wa redio huko Des Moines, akisimulia mechi za Cubs kutokana na taarifa za telegrafu bila kuuona uwanja. Mwaka uliofuata alikwenda Wrigley na kukaa na Caray kibandani.

Tarehe 8 Agosti 1988 taa ziliwashwa Wrigley Field kwa mara ya kwanza. Mvua ikanyesha, mechi ikakatishwa katika duru ya nne, na mechi ya kwanza rasmi ya usiku ikachezwa kesho yake. Mechi za mchana ziliendelea kuwa nyingi, lakini wapenzi wengi wa zamani wanaihesabu siku hiyo kama mwanzo wa kitu kuisha.

Mawimbi ya Chicago hayakuishia mpakani. Huko Belize, nchi iliyopata uhuru mwaka 1981 bila kuwa na televisheni yake, wafanyabiashara waliweka madishi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980 na kuanza kurudia kile walichokinasa angani. Moja ya vitu walivyovinasa ni WGN. Watu wa pwani ya Karibi, wanaosema Kiingereza na Krioli, wakawa mashabiki wa timu ya kaskazini yenye theluji. Sisi wa pwani hii hatuna haja ya kushangaa. Televisheni ya Zanzibar (TVZ) ilipoanza mwaka 1974, ikiwa na rangi, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja na ilisubiri hadi 1994. Kwa miaka 20 waliokuwa pwani ya Bara waliinua antena juu ya milingoti na kuielekeza baharini, wakatazama Unguja.

Kama besiboli ilikuwa ya mchana, asubuhi ilikuwa ya Bozo. Mhusika huyu, mchekeshaji wa sarakasi mwenye nywele nyekundu zilizotoka pembeni kama mabawa, alikuwa mali ya Larry Harmon, aliyeuza haki zake kwa vituo vingi, kila mji na Bozo wake. Wa Chicago ndiye aliyebaki kwenye kumbukumbu. Bob Bell alimwigiza kuanzia mwaka 1960, na tarehe 11 Septemba 1961 kipindi kikubwa cha Bozo kikaanza: saa moja nzima, mubashara, adhuhuri, na bendi kamili, wanasarakasi wa kweli, na watazamaji zaidi ya 200 studioni. Shule za Chicago ziliruhusu watoto kwenda nyumbani kula, nao wakala mbele ya Bozo.

Kilele cha kipindi kilikuwa mchezo wa ndoo sita. Mtoto alichaguliwa kutoka kwenye hadhira, akasimama nyuma ya mstari, akarusha kipira cha tenisi ya mezani katika ndoo ya kwanza, kisha ya pili, na kuendelea hadi ya sita iliyokuwa mbali kabisa. Kila ndoo ilikuwa na zawadi. Aliyefika ya sita alipata baiskeli, pamoja na sarafu za dola za fedha zilizokuwa zikiongezwa kila siku hadi apatikane mshindi. Sheria ya mchezo ni rahisi kiasi kwamba mtoto wa miaka mitatu anaielewa, na katika nyumba zisizohesabika ndoo za jikoni zilipangwa sakafuni.

Tiketi za kuingia studioni zilikuwa za bure, na zilitafutwa kuliko tiketi nyingine yoyote mjini. Foleni ya kusubiri ilifikia miaka kumi. Wanawake waliokuwa wajawazito waliandikisha watoto ambao hawajazaliwa. Na sasa, baada ya 1978, watoto wa Texas na Wyoming nao waliuona mlango huo ambao hawakuwa na njia ya kuuingia, wakajua majina ya watu wake: Cooky mpishi, Frazier Thomas. Bell alistaafu mwaka 1984 na Joey D'Auria akashika nafasi. Sauti ya Bell iliyokwaruza haikupotea: Dan Castellaneta, aliyekulia viungani mwa Chicago, aliitumia kama msingi wa sauti ya Krusty katika katuni ya The Simpsons.

Kipindi kilihamishwa asubuhi mwaka 1980, kikapelekwa Jumapili mwaka 1994 ili kutoa nafasi kwa habari za asubuhi, na kikafungwa mwaka 2001. Miaka 40. Sijui taasisi nyingi za televisheni, popote duniani, zilizowalea babu, baba na mtoto kwa mchezo uleule wa ndoo zilezile.

Habari za saa tatu usiku nazo zilikuwa na watazamaji wa mbali. Mtu wa Alaska hakuwa na haja ya kujua diwani gani wa Chicago amegombana na meya, lakini alijua. Tom Skilling, mtabiri wa hali ya hewa, aliingia WGN mwaka huohuo wa 1978 na kustaafu Februari 2024. Alieleza theluji inayosababishwa na ziwa kwa subira na ramani kana kwamba kila mtazamaji ni mwanafunzi wake wa chuo. Watu walijifunza kwake sayansi ya anga la mji wasioishi. Hata matangazo ya biashara yalisafiri: wimbo mfupi wa kampuni ya mazulia ya Empire, yenye wateja wa mjini, ukaimbwa na watoto wa majimbo ambako kampuni haikuwa na duka.

Lipo tukio moja la taarifa hiyo ya saa tatu ambalo halijapata ufumbuzi. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1987, Dan Roan akiwa katikati ya habari za michezo, picha ilikatika. Akatokea mtu aliyevaa kinyago cha Max Headroom, mhusika wa televisheni wa wakati ule, akiyumbayumba mbele ya bati lenye mikunjo linalozunguka, bila maneno, mvumo mtupu. Mafundi wa WGN walibadili haraka masafa yanayounganisha studio na mtambo ulioko juu ya jengo la John Hancock, na picha yao ikarudi katika muda usiofikia nusu dakika. Roan, akicheka kwa mshangao, aliwaambia watazamaji kwamba hata yeye hajui kilichotokea. Kama saa mbili baadaye mtu yuleyule aliingilia kituo kingine cha Chicago, WTTW, na huko hakukuwa na fundi wa kumzuia hadi alipomaliza mwenyewe baada ya dakika moja na nusu. Serikali ilichunguza. Hakuna aliyekamatwa mpaka leo.

Supastesheni zilikuwa na maadui wenye hoja. Wenye filamu walilalamika kwamba ada ya kisheria ni ndogo kuliko thamani ya kazi yao. Kituo cha Boise au Omaha kilichonunua haki ya kipekee ya kipindi fulani mjini kwake kiliona kipindi hichohicho kikiingia kwa kebo kutoka Chicago. Viongozi wa besiboli walisema Braves na Cubs wanaingia nyumba za watu katika miji ya timu nyingine. Siwezi kusema hawakuwa na haki. Mkate wao ulikuwa hatarini.

Mwaka 1990 NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu, ilipunguza idadi ya mechi ambazo timu inaweza kuzirusha kupitia supastesheni kutoka 25 hadi 20. Bulls, timu ya Chicago iliyorushwa na WGN, walikuwa na Michael Jordan, na kila mtu Marekani alitaka kumwona. Bulls na WGN waliishtaki ligi yao wenyewe. Jaji wa shirikisho aliwapa ushindi wa kwanza, rufaa zikafuatana, na kesi ikaburutwa hadi 1996. Wakati wanasheria wakibishana, Jordan alitwaa ubingwa mara nne.

Pigo lenye athari ya kudumu lilitokea tarehe 1 Januari 1990. Siku hiyo sheria ya ulinzi wa haki za kipekee za vipindi, iliyokuwa imefutwa mwaka 1980, ilirudi kazini. Kampuni ya kebo sasa ilipaswa kuziba kipindi chochote cha mbali ambacho kituo cha mjini kimenunua haki yake. Ili kuyaondolea makampuni usumbufu, ikatengenezwa WGN ya pili: ile iliyorushwa nchini kwa setilaiti, ikiwa na vipindi mbadala kila mahali palipokuwa na mgogoro wa haki. Mtazamaji wa kawaida hakutambua mara moja. Habari, Bozo na michezo vilibaki. Lakini kwa mara ya kwanza mtu wa Nebraska na mtu wa Chicago hawakuwa wakitazama kitu kilekile, na pengo liliendelea kupanuka.

Majirani zake walianguka mmoja mmoja. WWOR ya New York, iliyopanda setilaiti mwaka 1979 na kulipelekea taifa mechi za timu ya Mets, ilizimwa kitaifa mwisho wa 1996. Chaneli ya 17 ya Atlanta ikajigeuza kuwa chaneli ya kawaida ya kebo mwaka 1998, na mwaka 2007 ikagawanywa kabisa: Atlanta ilibaki na kituo chake kwa jina jipya, na taifa likabaki na TBS isiyo na mji. WGN ilisimama muda mrefu kuliko zote. Mwaka 2008 toleo la kitaifa likaitwa WGN America. Mwishoni mwa 2014 wakaondoa habari za Chicago na michezo ya Chicago, wakaweka fedha nyingi katika tamthilia zao wenyewe. Walitaka kuwa kama kila chaneli nyingine, na walifaulu. Tarehe 1 Machi 2021, chini ya wamiliki wapya, Nexstar, jina lenyewe likafutwa, na mahali pake ikasimama NewsNation.

Cubs walipotwaa ubingwa mwaka 2016, wa kwanza tangu 1908, walishangiliwa katika majimbo ambayo hayana sababu yoyote ya kijiografia kuwashangilia. Mashabiki hao walitengenezwa na Chaneli ya Tisa, ingawa fainali yenyewe waliitazama Fox. Baada ya msimu wa 2019 mechi zikaondoka WGN hata mjini, zikahamia chaneli ya klabu yenyewe ya kulipia. Brickhouse alikuwa amefungua ukurasa huo miaka 71 kabla.

Chaneli ya Tisa bado iko Bradley Place. Inarusha habari nyingi kila siku, na watu wa Chicago wanaiamini. Kama kituo cha mji iko hai.

Kilichopotea zaidi ni kumbukumbu zake. Kanda za video za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa ghali, na vituo vilizifuta ili kurekodi tena juu yake. Vipindi vingi vya Bozo wa Bob Bell havipo. Sehemu ya kile kilichobaki kiliokolewa na watazamaji waliorekodi nyumbani, wakahifadhi kanda kwenye masanduku kwa miaka mingi, wakazitoa baadaye kwa makumbusho na kwa wakusanyaji wa kanda. Kipande cha Max Headroom tunakijua leo kwa sababu kuna mtu alikuwa anarekodi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kwenu Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi kuna kanda za VHS za taarifa ya habari ya zamani ya TVZ, za siku za mwanzo za KTN, za vituo vya Bara, CTN au ITV, vya mwaka 1994, usizitupe na usirekodi juu yake. Zipeleke zikageuzwe kuwa za kidijitali mapema, kwa sababu ukanda wa sumaku huharibika kwa unyevu wa pwani, kisha toa nakala kwa kituo chenyewe au kwa nyaraka za taifa.